Kizuri Chajiuza: Ushuhuda wa Kununuliwa na Ahadi za Utajiri wa Haraka



Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama auzaye ndagala safi katika soko la Kamenge hana haja ya kumlipa mtu azunguke mitaani akimsifu. Mteja aliyenunua jana, akakuta ndagala wamekauka vizuri wala hawana mchanga, hurudi leo akiwa ameongozana na jirani yake. Sifa ya mama huyo imejengwa na watu wanaomjua, wanaojua meza yake ilipo, na wanaoweza kumrudia kesho kama mzigo una kasoro.

Siku hizi kibaya kimepata njia mpya ya kujitembeza. Kinaingia ndani ya simu, kikiwa kimevaa sauti ya mtu aliyeridhika. “Nilianza na faranga elfu 50, leo nina pikipiki yangu.” “Hata mimi nilidhani ni uongo, lakini nimelipwa mara tatu.” Chini ya maneno hayo kuna picha ya ujumbe wa malipo, na chini ya picha kuna watu kumi wengine wanaoshukuru. Msomaji hajamwona muuzaji, hajaiona ofisi, hajakiona kibali. Amewaona mashahidi tu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi ushuhuda wa aina hiyo unavyotengenezwa, na kwa nini hata ushuhuda ulio wa kweli unaweza kumpeleka mtu shimoni. Hili la pili ndilo lisilosemwa mara nyingi, nalo ndilo tunalotaka lisomwe kwa makini zaidi.

Kwa nini tunawaandikia watu wa mipakani

Kamenge ni mlango wa kaskazini wa jiji la Bujumbura. Barabara ya kwenda Bugarama inapanda kutoka upande huu, na mpaka wa Gatumba, unaotufikisha Uvira nchini Kongo, hauko mbali. Upande wa kusini na mashariki kuna njia za Kigoma na za Kobero kuelekea Tanzania. Wengi wetu tuna ndugu upande wa pili wa mpaka, tuna laini za simu za nchi mbili, na tunatumiana fedha kwa Lumicash, kwa Ecocash au kwa M-Pesa kulingana na mahali tulipo. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha.

Hayo yote ni neema, na biashara nyingi halali zinaishi kwayo. Lakini tapeli naye huiona neema hiyo. Ujumbe mmoja wa Kiswahili ulioandikwa mahali fulani unaweza kusomwa Kamenge, Uvira, Kigoma na Bukavu kwa siku moja. Fedha zikivuka mpaka, namba iliyozipokea inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote, na uchunguzi unalazimika kupita kwenye ofisi za nchi mbili au tatu. Kwa hiyo mtu wa mpakani ana sababu kubwa zaidi ya kujilinda kabla ya kutuma kuliko ya kutegemea kurudishiwa baada ya kutuma.

Shahidi asiyeweza kuulizwa

Katika mila za Burundi, shauri likifikishwa mbele ya Bashingantahe, shahidi hasemi maneno yake akaondoka. Anasimama mbele ya watu wanaomjua. Jina lake ni la baba fulani, nyumba yake iko kwenye kilima fulani. Anaulizwa aliona nini, alikuwa wapi, ana uhusiano gani na mwenye kesi, na atapata faida gani mmoja akishinda. Upande wa pili nao husikilizwa. Baada ya hapo ndipo wazee hupima.

Tuuweke ushuhuda wa simu mbele ya mizani hiyohiyo. Shahidi ni nani? Ni picha na jina la kwanza. Anaishi wapi? Haijulikani. Anapata faida gani? Hasemi. Je, upande wa pili umesikilizwa? Haukusikilizwa, katika vikundi vingi vya WhatsApp vya aina hii, mwanachama anayeuliza “mbona sijalipwa?” hufutwa kundini ndani ya dakika chache, na kinachobaki kwenye kioo ni shukrani tupu. Mgeni anayeingia kesho anakuta kundi lisilo na mlalamikaji hata mmoja, naye anaamini kwamba hakuna aliyepata hasara. Ukimya huo umetengenezwa kwa makusudi.

Nyota zinazonunuliwa

Maoni ya wateja kwenye maduka ya intaneti yanaonekana kuwa jambo dogo: nyota tano, maneno mawili ya sifa, basi. Kumbe ni bidhaa yenye soko lake. Mwaka 2019, tume ya serikali ya Marekani inayowalinda walaji, iitwayo FTC, ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Cure Encapsulations iliyokuwa ikiuza vidonge vya kupunguza uzito kupitia Amazon. Kwa mujibu wa tume hiyo, mwenye kampuni alilipa tovuti nyingine imwandikie maoni ya uongo, akieleza kwamba bidhaa yake ilihitaji kubaki na wastani wa nyota 4.3 kati ya 5 ili iuzike. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tume hiyo kushtaki kwa ajili ya maoni ya kununuliwa kwenye duka la intaneti. Mwaka 2024 tume hiyo ilipitisha kanuni inayokataza moja kwa moja kuuza na kununua maoni ya uongo.

Kabla ya nyota kulikuwa na televisheni. Huko Marekani, matangazo marefu ya biashara, ya nusu saa nzima, yalionyesha watu wakisimulia jinsi walivyotajirika kwa kununua somo fulani. Mojawapo lilikuwa la mfumo wa John Beck, uliodai kumfundisha mtazamaji kupata nyumba kwa bei ya kutupa. Karibu watu milioni moja walinunua bidhaa za kampuni hiyo na washirika wake. Mwaka 2012 mahakama iliamuru walipe dola milioni 478. Watu waliokuwa wakitabasamu kwenye kioo walikuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa.

Tumeitaja mifano hiyo ya mbali kwa sababu moja tu: ili msomaji ajue kwamba kudanganywa na ushuhuda hakumpati mtu asiyesoma peke yake. Kumewapata watu wa nchi tajiri, wenye mabenki na mahakama kila kona.

“Kazi” ya kubofya na kusifu

Hatua iliyofuata ilikuwa ya ujanja zaidi. Badala ya kumlipa mwandishi wa maoni ya uongo, matapeli waligundua kwamba wanaweza kumfanya mwandishi huyo alipe mwenyewe. Anaambiwa kuna kazi rahisi: kutoa nyota kwa hoteli asizowahi kulala, kupenda picha, kutazama video, kubandika matangazo. Ila kabla ya kuanza kazi, aweke kiasi kidogo cha “kufungua akaunti”.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kampuni ya TelexFree, iliyokuwa na makao yake Marlborough, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Ilijitambulisha kuwa inauza huduma ya kupiga simu kwa intaneti. Mwanachama alilipa dola 289 kwa kifurushi kidogo au dola 1,375 kwa kikubwa, na kazi yake ikawa kubandika matangazo ya kampuni kwenye intaneti kila siku. Kwa kifurushi kidogo aliahidiwa dola 20 kwa wiki, kwa kikubwa dola 100. Mwaka una wiki 52: maana yake aliyetoa dola 289 angepokea zaidi ya dola 1,000. Habari hizo zilienea katika nchi nyingi, na zilifika hata kwa majirani zetu wa Rwanda.

Aprili 2014 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliifikisha kampuni hiyo mahakamani, na hesabu zikawekwa wazi. Kuanzia Agosti 2012 hadi Machi 2014 huduma ya simu ilikuwa imeingiza takribani dola milioni 1.3. Ahadi zilizotolewa kwa wanachama zilihitaji zaidi ya dola bilioni 1.1. Kwa kila dola 1,000 iliyoahidiwa, biashara yenyewe ilikuwa imeleta dola moja na senti chache. Zilizobaki zilipaswa kutoka kwa wanachama wapya. Rais wa kampuni hiyo, James Merrill, alihukumiwa kifungo cha miaka 6 mwaka 2017.

Karibu nasi zaidi, Februari 2025 nchini Tanzania uliporomoka mpango uliojiita LBL, yaani Leo Beneath London, uliokuwa ukiahidi malipo kwa watu wanaotazama vionjo vya filamu kwenye simu baada ya kuweka fedha zao. Benki Kuu ya Tanzania ilieleza kwamba mpango huo haukuwa na leseni, na polisi wa nchi hiyo wakawakamata watu waliohusishwa nao.

Shahidi mkweli anayepotosha

Sasa tufike kwenye jambo tuliloahidi. Katika mikutano yetu na wakazi, swali tunalokutana nalo mara nyingi ni hili: “Lakini afande, mimi namjua mtu aliyelipwa. Si wa simu, ni shemeji yangu. Nimeziona fedha kwa macho yangu. Mbona mnasema ni uongo?”

Hatusemi kwamba shemeji anadanganya. Inawezekana kabisa amelipwa. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme mpango unamtaka kila mtu atoe faranga 50,000, na baada ya mwezi mmoja apokee 100,000. Hakuna biashara yoyote nyuma yake, na mwenye mpango amekwisha kuondoka na fedha za watu kumi wa kwanza. Ili kuwalipa hao kumi, wanahitajika watu wapya 20 mwezi wa pili. Ili kuwalipa hao 20, wanahitajika 40 mwezi wa tatu. Kisha 80, 160, 320, 640. Mwezi wa nane wanaingia watu 1,280. Fedha zao zinawalipa wale 640 waliotangulia, na wote wanashangilia.

Tusimame hapo mwezi wa nane. Jumla ya watu walioingia kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa saba ni 1,270, na kila mmoja wao amelipwa kikamilifu. Wote 1,270 wanaweza kuapa kwamba mpango ni wa kweli, na kiapo chao hakitakuwa na uongo. Na hao 1,280 walioingia mwezi wa nane? Iwapo mwezi wa tisa hawatapatikana watu wapya 2,560, hao watapoteza kila kitu. Nao ni wengi kuliko wote waliotangulia kwa jumla. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila mwezi wa mpango kama huo: kundi la mwisho huwa kubwa kuliko makundi yote ya nyuma yakijumlishwa. Kadiri mashahidi wakweli wanavyoongezeka, ndivyo anguko linavyokaribia na ndivyo watakaoumia wanavyokuwa wengi.

Tena mwisho hauepukiki. Mpango huo ukiendelea bila kukatika, mwezi wa 22 utahitaji watu wapya zaidi ya milioni 20, idadi inayozidi wakazi wote wa Burundi, wakiwemo watoto wachanga.

Kwa hiyo swali “je, kuna aliyelipwa?” halitusaidii kitu. Swali la kuuliza ni “alilipwa kutoka wapi?” Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mashua inayoelea Ziwa Tanganyika ina fundi, ina mbao, ina misumari. Faida nayo ina fundi: shamba lililovunwa, samaki waliovuliwa, nguo zilizoshonwa, mzigo ulionunuliwa Kigoma na kuuzwa Bujumbura. Kama hakuna anayeweza kukuonyesha mbao na misumari ya faida yake, basi faida hiyo ni akiba ya jirani yako, na kesho jirani wa mwingine utakuwa wewe.

Upatu wetu si huu

Wapo wanaosema kwamba mipango hii ni sawa na upatu, ambao ndugu zetu wa ng'ambo ya Rusizi huuita likelemba. Si kweli, na kuvichanganya kunawadhulumu akina mama wengi waliosomesha watoto kwa upatu.

Katika upatu wa halali, watu kumi wanaofahamiana wanatoa kiasi kilekile kila wiki, na kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Aliyetoa kumi anapokea kumi, wala si ishirini. Idadi ya wanachama inajulikana, mtunza fedha anajulikana, na zamu ya mwisho ikiisha hakuna anayedai. Mpango wa kitapeli huazima jina la upatu, kisha huongeza mambo matatu: faida isiyo na kazi, ulazima wa kuleta watu wapya, na kiongozi asiyeonekana. Likionekana hata moja kati ya hayo matatu, jina la upatu halistahili tena.

Huvaa pia majina mengine yenye heshima. Nchini Tanzania, mpango wa DECI, uliofungwa na serikali mwaka 2009, uliita kutoa fedha “kupanda mbegu” na kuzipokea “kuvuna”, na uliongozwa na wachungaji. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia viongozi wake hatiani. Nchini Kenya, mipango ya aina hiyo iliyoanguka miaka ya 2006 na 2007 iliwapotezea wananchi zaidi ya shilingi bilioni 8 za nchi hiyo, kwa hesabu ya jopo lililoundwa na serikali. Siku hizi jina linalopendwa ni la sarafu za kidijitali. Mwezi Agosti 2025, Interpol ilitangaza kwamba nchini Zambia, nchi tunayoshiriki nayo maji ya Tanganyika, umevunjwa mtandao uliowapotezea watu wapatao 65,000 kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 300. Walivutwa kwa matangazo mengi yaliyoahidi faida kubwa katika sarafu hizo. Hapa kwetu, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizo mwaka 2019, baada ya wananchi kulalamika kwamba wamepoteza fedha zao.

Sheria inasemaje

Kujipatia mali ya mtu kwa jina la uongo, kwa cheo cha uongo au kwa hila za kumfanya aamini biashara isiyokuwepo ni utapeli, na Kanuni ya Adhabu ya Burundi inauadhibu. Tangu tarehe 16 Machi 2022 nchi yetu ina pia sheria maalumu ya kuzuia na kuadhibu uhalifu unaotendwa kupitia mitandao ya kompyuta na simu. Na mamlaka ya kuruhusu taasisi kupokea akiba za wananchi yako mikononi mwa Benki ya Jamhuri ya Burundi. Karatasi ya usajili wa kampuni pekee, hata ikiwa na muhuri, si ruhusa ya kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida.

Tunapenda kuongeza neno kwa wale wanaowaingiza wenzao. Mtu anayejua kwamba mpango ni wa hila, akaendelea kuwaalika majirani ili apate kamisheni, hawezi kujificha nyuma ya maneno “na mimi nilialikwa”. Na anayemwazima mgeni kitambulisho chake asajilie laini ya simu ajue kwamba siku fedha za wizi zitakapopita katika laini hiyo, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wake.

Kabla ya kutuma hata faranga moja

Jiulize, au mwombe mwenye busara akuulize: Faida hii inatokana na kazi gani, na je, naweza kwenda kuiona? Ni taasisi gani iliyotoa kibali, na je, nimeiuliza taasisi hiyo mwenyewe, bila kutegemea karatasi niliyoonyeshwa? Kwa nini ninaharakishwa, nikiambiwa nafasi zinaisha leo usiku? Kama ni kazi, mbona mimi ndiye ninayemlipa mwajiri?

Unaponunua simu, taa ya jua au dawa kwa mtu wa mtandaoni, usisome sifa peke yake, tafuta malalamiko. Duka la kweli lina mteja mmoja au wawili wasioridhika, na lina majibu waliyopewa. Sifa mia zilizoandikwa ndani ya siku mbili, kwa maneno yanayofanana, ni dalili mbaya. Ikiwezekana, lipa mzigo ukishauona. Kwa bidhaa za upande wa pili wa mpaka, mtume ndugu au mfanyabiashara unayemfahamu aone kwanza.

Ukiwa tayari umeingia

Usifute chochote. Hifadhi ujumbe, sauti, namba za simu, picha za kioo na namba za kumbukumbu za malipo. Iarifu mara moja kampuni ya simu uliyotumia kutuma fedha. Fedha ambazo bado hazijatolewa huenda zikazuiliwa, na kila saa inayopita inapunguza tumaini hilo. Kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, au umwone mkuu wa mtaa akuelekeze. Ikiwa fedha zimevuka mpaka, sema wazi zimekwenda nchi gani na kwa mtandao upi. Burundi ni mwanachama wa Interpol na wa ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, na njia hizo huhitaji maelezo kamili ili zifanye kazi.

Jihadhari na tapeli wa pili. Baada ya mpango kuanguka, hujitokeza mtu anayejiita wakili, mtaalamu wa kompyuta au hata polisi, akidai atakurudishia fedha zako ukimlipa ada kidogo kwanza. Huyo mara nyingi ni yuleyule aliyekuibia, au amenunua orodha ya majina yenu.

Tunaomba pia, kwa msisitizo, pasiwe na mtu atakayejichukulia sheria mkononi. Aliyekuingiza kwenye mpango ni mara nyingi jirani aliyepoteza kama wewe, au zaidi yako. Nyumba yake ikichomwa, ushahidi unateketea, mtaa unapata jeraha jipya, na mwenye mpango anaendelea kulala salama mahali asikojulikana.

Neno la mwisho

Kuna jambo moja linalowasaidia matapeli kuliko teknolojia yoyote: aibu ya aliyeibiwa. Mama aliyetoa mtaji wake wa ndagala hamwambii mumewe. Mwanafunzi aliyetuma karo hamwambii baba. Mwenye pikipiki aliyeiuza ili “apande daraja” anasema imeharibika. Kila mmoja ananyamaza peke yake, na kwa kuwa wote wamenyamaza, sauti pekee inayosikika mtaani ni ya yule aliyelipwa.

Hatudhani kwamba waliodanganywa ni wajinga au wenye tamaa tu. Maisha ni magumu, vijana wengi hawana kazi, na ahadi ya njia fupi humgusa kila anayehangaika. Ndiyo maana tunawaomba waliopata hasara waje waseme: kwetu polisi, kwa mkuu wa mtaa, kwa Bashingantahe, kanisani, msikitini, au katika kikao cha familia. Ushuhuda wa aliyepoteza ndio unaokosekana katika kundi la WhatsApp. Ukisikika mapema, mwezi wa tatu badala ya wa nane, mamia ya majirani watabaki na akiba zao.

Kizuri chajiuza, ndugu zetu. Kikikujia mbio hadi kitandani saa nne za usiku, kimesifiwa na watu usiowajua, na kikikutaka utume fedha kabla ya asubuhi, kiache kipite. Asubuhi njoo utusimulie kilivyokuja na namba iliyokileta, ili na jirani yako akitambue.